Kichwa Kikichoka, Miguu Hufuata: Je, Stima Kidogo Kichwani Yaweza Kumsaidia Mwanariadha?



Kijana wa mbio akisema amechoka, sisi watu wazima hutazama miguu yake. Tunauliza kama amekula, kama viatu vimeisha soli, kama jana alikwenda mbali mno. Ni mara chache tunauliza habari za kichwa chake. Lakini kichwa nacho huchoka, na kikichoka miguu haifiki mbali hata kama yenyewe haina kasoro.

Katika mikutano yetu na vikundi vya vijana, swali moja limekuwa likirudi. Vijana wameona kwenye simu picha za wanariadha wa ng'ambo waliovaa utepe wenye nyaya kichwani. Wameambiwa eti kifaa hicho hupitisha stima kidogo kwenye ubongo na kuondoa uchovu wa akili. Basi wanauliza mambo matatu. Je, ni kweli? Je, ni hatari? Na je, chama kikichanga pesa kikanunua kimoja, tutakuwa tumefanya jambo la maana?

Swali hili si la mchezo. Tangu mwaka 2000 kuna mbio za Lewa hapa jirani, ambazo kwa kawaida hukimbiwa mwezi wa Juni, na vijana wetu wanaona kwa macho yao kwamba mbio zaweza kumtoa mtu mbali. Mahali penye tumaini kubwa na pesa kidogo, wauzaji wa njia ya mkato hawakosekani. Kwa hivyo tumeona tulieleze jambo hili pole pole, ili mzazi, mwalimu, kocha na kijana mwenyewe waamue wakiwa wanajua.

UCHOVU WA AKILI NI NINI?

Uchovu wa akili ni ile hali inayompata mtu baada ya kutumia kichwa kwa muda mrefu bila kupumzika: kusoma kwa mtihani, kupiga hesabu, kukesha akilinda mifugo, au kukaa na wasiwasi siku nzima. Kichwa kinakuwa kizito, mtu anakosa hamu, anasahau, anakasirika haraka. Zamani wengi walifikiri hali hiyo hukaa kichwani tu na haigusi mwili. Kumbe sivyo.

Mwaka 2009 mtafiti Samuele Marcora na wenzake katika Chuo Kikuu cha Bangor, Wales, walichapisha jaribio ambalo limetajwa sana tangu hapo. Walichukua watu 16. Siku moja kila mtu alikaa mbele ya kompyuta dakika 90 akifanya kazi ngumu ya kufikiri. Siku nyingine alitazama filamu za kawaida kwa muda uleule. Baada ya hapo alipanda baiskeli ya mazoezi na kukanyaga kwa nguvu iliyopangwa mpaka akashindwa. Waliotazama filamu walidumu kwa wastani sekunde 754, yaani dakika 12 na nusu hivi. Walipokuwa wamechoka akili walidumu sekunde 640, yaani dakika 10 na sekunde 40. Karibu dakika mbili zilipotea.

Sasa sikiliza jambo la ajabu. Moyo na mapafu vilikuwa vikifanya kazi sawasawa. Misuli haikuwa na hitilafu. Kilichobadilika ni namna kazi ilivyoonekana kuwa ngumu. Tangu mwanzo, aliyechoka akili aliiona kazi ileile kuwa nzito zaidi, kwa hivyo alifika mapema mahali pa kusema "basi, siwezi tena". Ni kama watu wawili waliobeba debe moja la maji kutoka mtoni. Debe ni lile lile na kilo ni zile zile, lakini aliyekesha anaona limejaa mawe.

Tukumbuke pia kwamba uchovu huu hauharibu kila kitu kwa kiasi kimoja. Ile nguvu ya mara moja, kama kusukuma kitu kizito kwa sekunde chache, haipungui sana. Kinachoumia ni uvumilivu wa mwendo mrefu, na pia uamuzi wa haraka. Mwaka 2016 watafiti waliwapima wachezaji wa kandanda waliochoshwa akili kwa nusu saa tu. Walikimbia umbali mfupi zaidi kuliko kawaida yao, na pasi na mikwaju yao kwenye goli ikaharibika. Kwa hiyo kocha wa mpira naye asidhani habari hii ni ya wakimbiaji peke yao.

NI NINI KINACHOCHOSHA VICHWA VYA VIJANA WETU?

Tukitazama maisha ya hapa kwetu, hatuhitaji kompyuta ya Wales. Mwanafunzi anaamka saa kumi usiku kwa masomo ya alfajiri, anasoma mchana kutwa, halafu jioni anatarajiwa uwanjani. Kijana wa Merti au Oldonyiro amekaa macho usiku kwa sababu kumesikika habari za wezi wa mifugo. Mwingine anaendesha bodaboda mjini tangu asubuhi, macho yakikwepa malori ya barabara ya Moyale, na saa kumi na moja jioni anavaa viatu vya mbio. Msichana amechota maji, amepika, amewatunza wadogo zake, na bado ana kazi ya shule. Wakati wa ukame mrefu wa 2020 mpaka 2023, mvua iliposhindwa misimu mitano mfululizo, vijana wengi walikuwa wakikimbia huku mawazo yako kwa ng'ombe na mbuzi wanaokufa nyumbani.

Halafu kuna simu. Wengi hufikiri kuchezea simu ni kupumzika. Watafiti wa Brazil waliwapima wachezaji wa kandanda waliopekua mitandao ya kijamii kabla ya mchezo. Waliokaa kwenye simu nusu saa au zaidi walifanya maamuzi mabaya zaidi ya kupiga pasi. Mwili umekaa, ndiyo, lakini kichwa kinakimbia.

STIMA INAINGIAJE HAPA?

Kutumia stima ya asili kama dawa si jambo jipya. Karibu miaka 2,000 iliyopita tabibu wa Kirumi, Scribonius Largus, aliandika juu ya kutibu maumivu ya kichwa kwa kumweka mgonjwa samaki wa baharini mwenye stima. Wavuvi wa Ziwa Turkana nao wanamjua kambare anayerusha mkono wa mtu akishikwa. Kwa hivyo wazo ni la kale. Kilicho kipya ni kipimo.

Ubongo wenyewe hufanya kazi kwa stima ndogo sana. Chembe zake hupeana habari kwa cheche ndogo. Kifaa tunachozungumzia kina betri, nyaya mbili na vibandiko viwili vyenye sponji iliyoloweshwa maji ya chumvi. Vibandiko huwekwa juu ya ngozi ya kichwa, na mkondo mdogo hupita kutoka kimoja kwenda kingine kwa dakika 10 mpaka 30. Hakuna kupasua wala sindano. Mkondo wenyewe kwa kawaida ni miliampea 1 au 2.

Hapa wasomaji wengi huogopa, kwa sababu wamesikia habari za wagonjwa wa akili "kupigwa shoti" hospitalini. Hayo ni mambo mawili tofauti. Matibabu yale ya hospitali hutumia karibu miliampea 800, mgonjwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, na kusudi lake ni kuleta degedege fupi linalosimamiwa na daktari. Miliampea 2 hailazimishi chembe za ubongo kurusha cheche. Inazisogeza tu karibu au mbali na kurusha. Fikiria mlango ulioshikamana na fremu: stima hii haiufungui, inaulegeza kidogo ili atakayesukuma apate urahisi.

Mwaka 2000 Michael Nitsche na Walter Paulus wa Göttingen, Ujerumani, walionyesha kwamba mkondo dhaifu wa namna hii hubadilisha utayari wa sehemu ya ubongo inayoamuru misuli, na kwamba badiliko hilo laweza kubaki dakika kadhaa baada ya kifaa kuzimwa. Tangu hapo watafiti wamejaribu sehemu mbalimbali. Kwa habari ya uchovu wa akili, mahali wanapopendelea ni sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso upande wa kushoto. Sehemu hiyo hutusaidia kukaza nia, kukumbuka tulichoagizwa, na kujizuia tusiache kazi katikati.

JE, INAFANYA KAZI?

Tuanze na habari nzuri. Mwaka 2014 watafiti wa jeshi la anga la Marekani walichapisha jaribio juu ya wanajeshi waliokaa macho saa 30. Waliopitishiwa miliampea 2 kwa nusu saa walibaki makini kwa karibu saa sita, muda mrefu kuliko waliopewa kafeini. Mwaka 2022 watafiti wengine walichapisha habari za waogeleaji wa kulipwa. Walipochoshwa akili waliogelea vibaya zaidi, na walipowekewa stima kwenye sehemu ile ya mbele ya ubongo, hasara hiyo ilipungua.

Sasa tusikie na upande wa pili. Mwaka 2019 Darías Holgado na wenzake wa Granada, Hispania, waliwapima waendesha baiskeli 36 waliozoea mazoezi. Waliwawekea stima kwenye sehemu hiyo hiyo ya mbele, kisha wakawaambia waendeshe dakika 20 kwa nguvu zao zote. Haikuleta tofauti yoyote. Mwaka huohuo watafiti hao walikusanya majaribio mengi ya aina hii na kuyapima kwa pamoja. Walikuta faida ndogo kwa jumla, na wakaonya kwamba majaribio mengi ni ya watu wachache, na kwamba majaribio yenye matokeo mazuri huenda yanachapishwa kwa urahisi kuliko yale yasiyo na matokeo.

Kwa nini majibu yanapishana hivi? Sababu ziko angalau tatu.

Ya kwanza, stima nyingi haifiki. Mwaka 2018 watafiti waliopima maiti walikuta kwamba karibu robo tatu ya mkondo hupotelea kwenye ngozi na mfupa wa kichwa. Kinachoingia ni robo tu, na mafuvu ya watu hayalingani unene.

Ya pili, watu hawafanani. Mkondo unaomchangamsha huyu waweza kumpunguzia yule. Mwaka 2016 wataalamu wa ubongo 39 waliweka sahihi barua ya wazi kuwaonya watu wanaojitengenezea vifaa hivi nyumbani. Walieleza kwamba mpaka asilimia 30 ya watu waweza kupata matokeo kinyume cha yaliyotarajiwa. Walisema pia kwamba kuinua uwezo mmoja kwaweza kushusha mwingine.

Ya tatu ni imani. Mtu akivalishwa kifaa cha bei kubwa na kuambiwa kitampa nguvu, mara nyingi hupata nguvu hata kifaa kikiwa kimezimwa. Ndiyo maana watafiti wazuri huwavalisha wengine kifaa kilekile, stima ikapita sekunde chache tu ili ngozi iwashe, halafu ikazimwa kimya kimya. Bila kulinganisha hivyo, hatujui kama kilichosaidia ni stima au ni moyo wa mtu mwenyewe. Na kwa kuwa uchovu wa akili ni habari ya kazi inavyoonekana kuwa nzito, imani ina nafasi kubwa hapa kuliko mahali pengi.

Wafanyabiashara hawakungoja majibu hayo. Mwaka 2016 kampuni ya Halo Neuroscience ya San Francisco ilianza kuuza kifaa cha kuvaa kama cha kusikilizia muziki, kwa mamia ya dola, na baadhi ya wanariadha maarufu wa Marekani walikijaribu. Mwaka 2021 kampuni hiyo ilinunuliwa na Flow Neuroscience ya Uswidi, ambayo kazi yake ni vifaa vya kutibu mfadhaiko. Mamia ya dola kwa pesa zetu ni makumi ya maelfu ya shilingi. Kijana ajiulize pesa hizo ni mbuzi wangapi.

WAKENYA WALIPIMWA WAKAKUTWA NA NINI?

Kuna utafiti mmoja uliofanywa juu ya wakimbiaji wa nchi yetu ambao tungependa kila kocha aujue. Mwaka 2015 Jordan Santos-Concejero, Tim Noakes na wenzao walichapisha matokeo ya wakimbiaji 15 hodari wa Kikalenjin. Walikimbia kilomita 5 kwa nguvu zote huku wakiwa wamevaa kwenye paji la uso kifaa kinachopima kwa mwanga kiasi cha oksijeni ndani ya ubongo. Kifaa hiki hakitii kitu ndani ya kichwa, kinasoma tu. Katika wakimbiaji wengi waliopimwa kwingineko, mbio zikikaza sana oksijeni katika sehemu ya mbele ya ubongo huanza kushuka. Kwa Wakenya hawa haikushuka. Ilibaki imara.

Walipataje jambo hilo? Watafiti walitaja mambo mawili yanayowezekana: kuzaliwa na kukulia kwenye nyanda za juu, na kutembea na kukimbia sana tangu utoto. Hakuna kati yao aliyevaa betri kichwani. Kichwa kilijengwa polepole, miaka mingi, pamoja na miguu.

Tazama pia mfano wa Eliud Kipchoge, aliyekimbia kilomita 42 huko Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Kwa miaka mingi ameishi siku za wiki kambini Kaptagat chini ya kocha Patrick Sang. Maisha ya pale ni ya kawaida: mazoezi, chakula, usingizi, na kazi za usafi kwa zamu, yeye mwenyewe akiwamo. Kwa lugha ya makala haya, kambi kama hiyo ni mahali pa kukipunguzia kichwa mizigo. Hakuna wa kukimbizana na matatu wala wageni mpaka usiku wa manane.

Tena kuna lile tabasamu lake mbio zinapokuwa ngumu. Wengi walidhani ni madaha. Mwaka 2018 Noel Brick na wenzake wa Ireland ya Kaskazini waliwapima wakimbiaji 24 na kukuta kwamba waliotabasamu walitumia nguvu kidogo kuliko waliokunja uso, tofauti ikiwa karibu asilimia 2.8. Si nyingi, lakini haina bei na haihitaji betri.

Na huko Iten, Bruda Colm O'Connell, Mwairishi aliyefika shule ya St. Patrick's mwaka 1976 bila elimu ya ukocha, alijulikana kwa kambi zake za vijana za wakati wa likizo. Mazoezi mazito yakiwekwa likizoni, hayagombani na vitabu. Mmoja wa vijana wake, David Rudisha, alishinda mita 800 huko London mwaka 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia.

HATARI NA SHERIA

Kifaa kikitumiwa na wataalamu, madhara yanayoonekana zaidi ni madogo: ngozi kuwasha, wekundu, kichwa kuuma kidogo. Lakini sponji ikikauka au kibandiko kikikaa vibaya, ngozi yaweza kuungua. Mtu mwenye kifafa, aliyewahi kuumia kichwa vibaya, au mwenye chuma kichwani asikiguse bila daktari. Watoto na vijana ambao ubongo wao bado unakua wasifanywe watu wa kujaribiwa.

Tena tunasema kwa nguvu zote: asitokee fundi wa redio au kijana mwerevu akajitengenezea kifaa hiki kwa betri ya gari, ya sola, au kwa stima ya nyumba. Stima ya nyumba ya volti 240 huua. Hakuna medali inayolipa hapo.

Kuhusu sheria za michezo, kusisimua ubongo kwa stima hakumo katika orodha ya mambo yaliyokatazwa na WADA, shirika la dunia la kuzuia dawa haramu michezoni. Lakini kisichokatazwa si lazima kiwe kizuri. Kuna jambo jingine lililo karibu nasi zaidi, nalo ni miraa. Wako vijana wanaotafuna miraa au muguka ili "kufungua kichwa" kabla ya mazoezi. Miraa ina kathinoni na kathini. Kathinoni imekatazwa wakati wa mashindano, na kathini imekatazwa ikizidi kipimo kilichowekwa kwenye mkojo. Tangu sheria ya 2016 nchi yetu ina shirika lake la kupima, ADAK, na wanariadha wengi wa Kenya wamefungiwa kwa makosa ya dawa. Tena miraa haiondoi uchovu. Inauficha, inafukuza usingizi, na kesho yake deni linadaiwa pamoja na riba. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

BASI TUFANYE NINI?

Haya ndiyo tunayoshauri, na mengi hayana gharama.

1. Usingizi kwanza. Kijana wa miaka 13 mpaka 18 anahitaji saa 8 mpaka 10 za usingizi kwa usiku. Mzazi akimwona mwanawe anakimbia na kusoma lakini analala saa tano, ajue kwamba kitu kimoja kitaharibika.

2. Kocha na mwalimu waongee. Wiki ya mitihani isiwe wiki ya mazoezi makali. Mazoezi mepesi yatosha kulinda mwili mpaka kichwa kipumue.

3. Simu iwekwe kando. Angalau saa nzima kabla ya mbio au mchezo, simu zikusanywe kwenye mfuko mmoja. Vijana wapige soga, wanyooshe viungo, wanyamaze wakitaka.

4. Daftari la uchovu. Mswidi Gunnar Borg alibuni njia ya kumwuliza mtu mwenyewe kazi ilikuwa nzito kiasi gani, nayo hutumika duniani kote. Baada ya kila mazoezi, kocha amwulize kijana atoe namba kutoka 0 mpaka 10: 0 ni kupumzika, 10 ni kushindwa kabisa. Aandike namba hiyo pamoja na muda wa saa yake. Kama muda ni uleule lakini namba inapanda siku nne au tano mfululizo, huyo anahitaji kupumzishwa. Daftari la shilingi hamsini linafanya kazi ambayo watu wanataka kuinunua kwa maelfu.

5. Maneno mema ndani ya kichwa. Mwaka 2014 watafiti waliwafundisha watu kujisemea maneno machache ya kujitia moyo wakati wa kukanyaga baiskeli. Baada ya wiki mbili walidumu asilimia 18 zaidi kabla ya kushindwa. Kila kijana achague maneno yake kwa lugha ya mama: Kiborana, Kiturukana, Kisamburu, Kimeru au Kisomali. Nasi makocha na wazazi tuache maneno ya kuvunja moyo kando ya uwanja.

6. Chai na kahawa kwa kiasi. Kafeini hupunguza ule uzito wa kazi, na tangu 2004 haimo katika orodha ya vitu vilivyokatazwa. Kikombe asubuhi chatosha. Kikombe cha usiku kinakula usingizi.

7. Uchovu usioisha upelekwe hospitali. Kijana akichoka wiki mbili ingawa analala na kula, asiambiwe ni mvivu. Huenda ni malaria, kifua kikuu, upungufu wa damu (hasa kwa wasichana), au bruselosisi, ugonjwa wa mifugo unaoingia kwa maziwa mabichi. Huenda ni mfadhaiko unaohitaji mtu wa kumsikiliza na tiba. Mfadhaiko una matibabu yake, na huko ng'ambo kusisimua ubongo ni mojawapo, chini ya madaktari. Mtu asijitibu kwa kifaa cha dukani.

JIBU LETU KWA VIJANA

Je, ni kweli? Ndiyo, uchovu wa akili ni kitu halisi na hupunguza mbio, na iko dalili kwamba stima ndogo yaweza kuupunguza kwa baadhi ya watu. Lakini faida hiyo bado ni ndogo na haina uhakika. Je, ni hatari? Mikononi mwa wataalamu hatari ni kidogo, nyumbani si kidogo. Je, chama kinunue? Ushauri wetu ni hapana. Hata pale stima inaposaidia, inamsaidia mtu kuuvumilia uchovu. Haimrudishii usingizi aliokosa wala haiondoi wasiwasi unaomkesha.

Kama chama kina pesa, zinunue maharagwe na maziwa ya kuchemshwa baada ya mazoezi, mikeka ya kupumzikia kivulini, taa ya sola ili mwenye kazi ya shule aimalize mapema alale, na nauli ya kumpeleka hospitali anayechoka bila sababu. Na kama hakina pesa, kianze na namba 3 na namba 4 hapo juu wiki hii hii. Makocha watakaoweka daftari kwa mwezi mmoja tunawaomba walilete ofisini kwetu, tulisome pamoja, tuone ni nani kati ya vijana wetu amekuwa akikimbia na mzigo ambao hatukuuona.